Muhuri Uliochoka

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilinunua peni moja ya Marekani ya mwaka 1955 kwa dola 80. Nilikuwa na miezi sita tangu nianze shahada ya uzamili katika nchi hii. Posho yangu ilikuwa ikiisha kabla ya tarehe ishirini ya kila mwezi, na dola 80 zilikuwa chakula changu cha wiki mbili. Muuzaji, mzee mpole mwenye meza katika soko la Jumamosi la vitu vikuukuu, alinipa lenzi ya kukuzia akaniambia niangalie tarakimu ya mwisho ya tarehe. Nikaangalia. Tano ya mwisho ilikuwa na kivuli, kama kwamba tano nyingine imejificha nyuma yake.

Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya peni za 1955. Nilijua kuna chache zenye maandishi pacha, na kwamba moja yake, hata ikiwa imetumika, huuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja. Sikumwuliza mzee swali lolote. Nilidhani mimi ndiye ninayempunja.

Haikuwa yenyewe. Peni niliyoinunua ina thamani ya dola moja au mbili, na wakusanyaji wa sarafu wana jina lake la dhihaka: pacha wa maskini. Kivuli cha tano ile hakikutokana na kosa. Kilitokana na uchovu. Muhuri wa chuma uliopiga peni hiyo ulikuwa umefanya kazi muda mrefu mno, ukasagika, na tarakimu zikaanza kuyeyuka.

Sikuandika makala hii kulilia dola zangu. Nimekaa na peni ile zaidi ya mwaka, na katika muda huo nimejifunza kuzisoma sarafu kama ninavyofundishwa kusoma hati za kale. Nimeona kwamba wakusanyaji ni wasomaji hodari kuliko wengi wetu tulio katika idara za fasihi. Nimeona pia kwamba hukumu wanayoitoa baada ya kusoma vizuri ni hukumu mbaya, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaitoa hukumu hiyohiyo, kwa maandishi, dhidi ya mtu wa nyumbani kwetu.

Nianze na jinsi peni inavyozaliwa, kwa sababu bila hilo hakuna anayeweza kusoma kasoro yake.

Peni hainakiliwi mara moja tu. Mchongaji Victor David Brenner, mzaliwa wa Lithuania aliyefunzwa kuchonga mihuri na baba yake, alifinyanga sura ya Abraham Lincoln kwa ajili ya peni ya 1909, mwaka wa mia tangu Lincoln azaliwe. Sura kubwa ya namna hiyo hupunguzwa kwa mashine hadi kufikia ukubwa wa sarafu, ikachongwa kwenye chuma, imeinuka. Chuma hicho mama hukandamizwa kwenye chuma kingine, na sura ikazama ndani. Kutoka hapo hutengenezwa chuma kingine kilichoinuka, na kutoka hicho hutengenezwa mihuri ya kazi, yenye sura iliyozama, ambayo ndiyo inayopiga shaba. Ngazi hizi zote zipo ili chuma cha kwanza kisichakae. Kwa hiyo peni iliyo mfukoni ni nakala ya nakala ya nakala, sawasawa na utenzi ulionakiliwa na mtu aliyenakili kutoka kwa mtu aliyenakili.

Zamani, muhuri mmoja haukutosheka na mkandamizo mmoja. Chuma kikikandamizwa huwa kigumu. Ilibidi kirudishwe tanuruni kilainike, kisha kiwekwe tena chini ya chuma mama kwa mkandamizo wa pili. Kikiwekwa kikiwa kimegeuka hata kidogo tu, maandishi ya pili hayakai juu ya yale ya kwanza. Muhuri unazaliwa una maneno mawilimawili, na kila sarafu itakayopigwa nao itakuwa hivyohivyo. Hilo ndilo kosa la kuzaliwa.

Aina ya pili ya kasoro ni ya maisha ya muhuri. Muhuri wa kazi hupiga sarafu kwa malaki. Kila pigo, shaba hukimbia kutoka katikati kuelekea ukingoni, na katika kukimbia kwake hukikwangua chuma. Baada ya muda herufi zilizo karibu na ukingo huvimba, na uwanja uliokuwa laini huwa na mistari kama mchanga wa pwani maji yakishapwa. Chuma hupata nyufa. Shaba ikiingia kwenye ufa, sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Katika peni za miaka ya 1950 ufa ulipenda sana kutokea kati ya B na E ya neno LIBERTY, ukasimama wima kama herufi I, na neno likasomeka LIBIERTY. Nimezikuta tatu za namna hiyo katika kopo la chenji dukani, na kila mara nilitabasamu kama mtu aliyekutana na kosa la chapa katika kitabu. Wakati mwingine kipande cha ukingo wa muhuri humeguka kabisa, na mahali pake sarafu hupata nundu ya shaba tupu. Wakati mwingine mashine hupiga bila shaba kuwemo. Muhuri wa mbele na wa nyuma hugongana, kila mmoja ukabeba alama za mwenzake, na sarafu zinazofuata huwa na mizimu ya maandishi yasiyokuwa ya upande wake.

Aina ya tatu ni ya dunia. Mfuko, kaunta ya duka, gurudumu la gari, mtoto mwenye msumari.

Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa sarafu ni nyepesi: kilichoinuka kimetoka kwenye muhuri, kilichochimbika kimetoka kwa dunia. Mkwaruzo juu ya muhuri huwa mstari ulioinuka juu ya sarafu; mkwaruzo juu ya sarafu yenyewe huwa mtaro. Kanuni ina vighairi vyake, kwa mfano uzi au grisi ikikaa kati ya muhuri na shaba huacha shimo ambalo dunia haikulichimba. Lakini kama kanuni ya kuanzia, sijapata nyingine safi kama hiyo katika masomo yangu yote. Inamlazimisha msomaji kuuliza swali la wakati kabla ya swali la lawama. Jambo hili lilitokea lini: kabla ya muhuri kukamilika, muhuri ukiwa kazini, au baada ya sarafu kutoka kiwandani? Ukishajua lini, ndipo utajua nani.

Sasa nirudi kwenye tano yangu. Kuna njia tatu ambazo tarakimu inaweza kuonekana mbili, na zinatofautiana kwa macho. Katika muhuri wenye maandishi pacha, herufi hunenepa, na pembe zake hupasuka kama mkia wa mbayuwayu. Kila nakala ina ukingo wake, imesimama kamili. Katika peni za kweli za 1955 upacha huo unaonekana kwenye tarehe, kwenye LIBERTY na kwenye IN GOD WE TRUST kwa pamoja, huku uso wa Lincoln ukibaki karibu vilevile. Njia ya pili ni mtikisiko: muhuri uliolegea huteleza kidogo wakati wa pigo na kuisukuma herufi iliyokwisha kupigwa. Hapo kivuli kinakuwa bapa, kama ngazi, na herufi yenyewe inakonda kwa sababu sehemu yake imesukumwa chini. Ya tatu ni uchovu wa muhuri: kivuli hakina ukingo, kimetanda kama wino kwenye karatasi yenye unyevu, na uwanja unaokizunguka una ile mistari ya mchanga.

Kwa ufupi, pacha wa kweli huongeza, mtikisiko hupunguza, uchovu huyeyusha. Tano yangu ilikuwa imeyeyuka. Kama ningeiangalia kwa dakika tano badala ya sekunde tano, na kama ningesoma maneno mengine ya sarafu badala ya kusoma tarakimu niliyoonyeshwa tu, ningejua palepale mezani. Hata leo sijui kama mzee yule alijua. Sina haki ya kusema.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wakusanyaji. Usomaji huu ni uhakiki wa kweli. Unatazama sehemu kwa kulinganisha na kitu kizima, unatafuta chanzo, unakataa maelezo ya haraka. Tatizo langu linaanza wanapofunga lenzi na kuanza kupanga bei.

Peni pacha za 1955 zina hadithi nzuri. Katika kiwanda cha Philadelphia muhuri mmoja wenye kosa ulipita bila kuonekana. Ulipogunduliwa, peni zake zilikuwa zimeshachanganyika na nyingine, na wakubwa wakaona ni hasara kuyeyusha rundo zima kwa kosa lisilomdhuru mtu. Wakaziachia. Makadirio ya wengi ni kati ya 20,000 na 24,000, katika mwaka ambao kiwanda hicho kilipiga peni zaidi ya milioni 330. Nyingi ziliwafikia watu kwa njia ya sigara. Pakiti iliuzwa senti 23 katika mashine zilizopokea sarafu ya senti 25, kwa hiyo chenji ya peni mbili ilitiwa ndani ya karatasi ya pakiti. Mtu alinunua sigara, akapata Lincoln mwenye maneno mawilimawili.

Naielewa thamani yake. Ni chache, inaonekana kwa macho bila lenzi, na ni nzuri. Sitajifanya sioni uzuri wake kwa kuwa niliikosa. Lakini angalia mpango mzima wa bei, utaona falsafa ndani yake. Kosa lililotokea mara moja, mwanzoni, kwa bahati mbaya ya dakika moja, hupandishwa juu. Uchovu, ambao ni kosa lililotokea polepole kwa sababu ya kazi, huitwa wa maskini. Na alama za mikono ya watu hazihesabiwi kabisa kuwa habari, zinaitwa uharibifu.

Kipimo kinachotumiwa leo kupanga hali ya sarafu, cha 1 hadi 70, kilitolewa na William Sheldon mwaka 1949 katika kitabu chake juu ya peni kubwa za shaba za Marekani za miaka ya 1793 hadi 1814. Wengi wanaokitumia wamesahau kwamba namba hizo hazikuwa za hali tu. Zilikuwa za bei. Sarafu ya daraja la 70 ilikusudiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Bei zilibadilika upesi, namba zikabaki, na sasa zinaonekana kama sheria ya maumbile. Daraja la 1 ni sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi hata ikabaki ya kutambulika tu. Daraja la 70 ni ile ambayo hakuna mtu aliyeitumia kamwe. Ukikipeleka kipimo hiki maktaba, kitabu bora kitakuwa kile ambacho hakuna aliyekifungua.

Sheldon alikuwa mwanasaikolojia. Kabla ya kitabu hicho cha sarafu alipima miili ya wanadamu, akaigawa katika aina tatu na kudai kwamba umbo la mwili huonyesha tabia ya mtu, dai ambalo sayansi ya leo haikubaliani nalo. Alipenda kupanga. Baada ya kifo chake ikabainika pia kwamba alikuwa amechukua peni bora kutoka mkusanyiko wa chama cha elimu ya sarafu cha American Numismatic Society, New York, na kuacha mahali pake zilizo duni. Sarafu hizo zilitambulika kwa kulinganishwa na picha za zamani. Peni mbili za muhuri mmoja zinatofautishwa na nini katika picha, kama si vidonda vidogo zilivyopata duniani? Alama ambazo kipimo chake kilizihesabu kuwa hasara ndizo zilizoweza kutoa ushahidi.

Kuna peni moja inayoutikisa mpango huu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ni ya 1922.

Mwaka huo peni zilipigwa Denver peke yake, zaidi kidogo ya milioni 7. Viwanda vilikuwa vimeelemewa na kazi ya kupiga dola za fedha kwa mamilioni. Mihuri yote ilitengenezwa Philadelphia na kupelekwa, na Denver wakaendelea kutumia ile waliyokuwa nayo hata pale ilipostahili kustaafu. Chini ya tarehe palikuwa na herufi ndogo D, alama ya kiwanda. Siku hizo D haikuwemo katika chuma mama. Iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri wa kazi. Muhuri ulivyosagika na kujaa grisi, D ikafifia, ikawa kivuli, katika baadhi ya sarafu ikapotea kabisa. Matokeo yake ni peni ya 1922 isiyo na herufi, ambayo kwa kuitazama ungesema imetoka Philadelphia, mji ambao mwaka huo haukupiga peni hata moja.

Wachunguzi wametambua jozi kadhaa za mihuri zilizotoa peni hizo, na moja yao inathaminiwa kuliko zote. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mihuri ya jozi hiyo iligongana. Ule wa mbele ukasuguliwa sana kuondoa alama za mgongano, na D ikaondoka pamoja nazo. Ule wa nyuma ukabadilishwa ukawekwa mpya. Ndiyo maana peni hizo zina uso uliochoka na mgongo mkali: masuke ya ngano ya upande wa nyuma yana mistari yake yote. Mbele, mbili ya mwisho ya tarehe ni kali kuliko ile iliyotangulia. Katika jozi nyingine, nyuma pia pamechoka. Masuke yamekuwa kama yamechorwa kwa kidole. Hizo bei yake ni ndogo zaidi. Na kwa kuwa bei ya ile ya kwanza ni kubwa, wapo waliochukua peni za kawaida za 1922 wakaikwangua D kwa chombo, kwa hiyo msomaji anapaswa pia kuitilia shaka nafasi tupu yenyewe.

Somo la usomaji hapa ni la kustaajabisha: ukitaka kujua kwa nini herufi haipo mbele, geuza sarafu uangalie nyuma. Nalikubali somo hilo lote. Ninachokipinga ni hukumu. Uchovu wa muhuri, ambao katika peni yangu ya 1955 ni wa maskini, katika ya 1922 umepata heshima, na umeipata kwa sababu tu umefanana na kosa. Umeondoa herufi nzima, na herufi inayokosekana inaweza kupewa jina, kuandikwa katika orodha, kutengewa nafasi katika kasha. Hata hapo, heshima kubwa imekwenda kwa jozi ambayo mtu aliingilia kati akasugua. Peni zilizochoka pande zote mbili, zile zinazosema kwa uwazi zaidi kwamba mwaka 1922 kiwanda cha Denver kilifanyishwa kazi kupita uwezo wa vifaa vyake, zimewekwa chini. Kama nyaraka za historia, mimi ningezipanga kinyume.

Nilifikia hapo nikiwa chumbani kwangu usiku, nikajiona nina hoja nzuri. Kisha nikafungua sura ya pili ya tasnifu yangu ili nifanye kazi niliyolipiwa kufanya.

Tasnifu yangu inahusu hati moja ya utenzi, iliyoandikwa Pangani katika miaka ya 1940 kwa herufi za Kiarabu. Mnakili alikuwa mama yake bibi yangu. Sikumkuta duniani. Daftari lake limekaa sandukuni kwetu miaka yote, na lilipopigwa picha nililetewa mafaili huku. Sura ya pili inaorodhesha kasoro za hati, na nilikuwa nimeorodhesha 41. Nyingi ni nukta zinazokosekana. Anayejua hati hii anajua uzito wa nukta: mwanzoni au katikati ya neno, b, t na n huandikwa kwa jino moja lilelile, na nukta ndizo zinazozitenganisha. B ina nukta moja chini, t mbili juu, n moja juu. Nukta ikikosekana, nuru si nuru tena. Ni jino tupu na swali. Kutokana na nukta hizo nilikuwa nimeandika sentensi ambayo msimamizi wangu aliikubali bila neno: "Mnakili hakuwa na ujuzi wa kutosha wa hati, na hakuwa mwangalifu."

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Sikuwa nimeuliza lini. Nilikuwa nimeona tarakimu moja yenye kivuli, nikatoa hukumu.

Nilianza upya. Badala ya kutazama mahali penye kasoro peke yake, nilitazama kurasa nzima, beti kwa beti, nikipima unene wa mistari. Ilinichukua wiki tatu. Mwandiko wa mama yake bibi unaanza mwembamba na mkali. Baada ya beti ishirini na kitu unanenepa; matundu ya herufi yanazibika; nukta mbili zinaungana kuwa kistari, na nukta moja inamezwa na jino lake. Kisha ghafla, katikati ya ukurasa, mwandiko unakuwa mwembamba tena, na nukta zote zinarudi. Ni mgongo mpya wa 1922. Kalamu ilikuwa imechongwa.

Kasoro nyingine zilikuwa zote pembeni chini, upande ambao kidole gumba hushika kugeuza ukurasa. Nilipoongeza mwanga wa picha, kivuli cha nukta kilionekana bado. Alikuwa ameziandika. Waliosoma walizifuta, kwa kusoma.

Lakini kulikuwa na sehemu moja, karibu beti sitini mfululizo, ambapo kalamu ilikuwa butu na haikuchongwa. Hiyo sikuielewa. Nikampigia bibi simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baridi ya huko imepungua?"

Nilimwuliza mama yake aliandika kwa kalamu gani.

"Ya tete. Akiandika baada ya Isha, sisi tumeshalala, kwa taa ya mafuta. Ikiwa butu anampa baba aichonge. Yeye kisu hakukipenda, kilishamkata kidole."

"Na baba yako akiwa hayupo?"

"Akiwa baharini? Basi anaandika nayo hivyohivyo. Angefanyaje? Daftari lilikuwa la kuazimwa lile alilokuwa akinakili, lina siku zake za kurudishwa."

Nilinyamaza kidogo. Akadhani simu imekatika. Nikamwambia nipo, nikamweleza habari za peni, kwa sababu sikujua niseme nini kingine.

"Peni ndizo zile zenye tundu katikati? Tulikuwa tukizitunga uzi."

"Hapana, bibi. Zile zilikuwa senti za kwetu, wakizipiga Uingereza. Hizi hazina tundu. Zina kichwa cha mzee mwenye ndevu."

"Utazipotezaje basi, kama huwezi kuzitunga," akasema, tukacheka.

Kati ya kasoro 41, sasa nahesabu 23 kuwa za kalamu, 11 za vidole vya wasomaji, na 7 za mnakili mwenyewe. Sitaki kuzifuta hizo saba kwa mapenzi. Katika moja ameruka kipande kizima, na ubeti umebaki na vipande vitatu badala ya vinne. Katika nyingine ameandika neno lilelile mara mbili, pacha wa kweli, na mizani imezidi. Makosa yapo, na mhakiki anayekataa kuyaona hamheshimu mwandishi, anambembeleza. Lakini makosa saba katika utenzi wa beti zaidi ya mia nne si ya mtu asiyejua hati. Ni ya mtu anayeijua vizuri, anayeandika usiku, kwa kalamu anayoitegemea kwa mwingine, akishindana na siku za kurudisha daftari la watu.

Sentensi ile nimeiondoa. Mahali pake nimeweka jedwali lenye safu tatu, na kichwa cha kila safu ni wakati: kabla ya kunakili, wakati wa kunakili, baada ya kunakili. Msimamizi wangu aliuliza mpango huo nimeutoa katika kitabu gani. Nilimwonyesha peni.

Tarehe 12 Novemba 2025, huko Philadelphia, zilipigwa peni za mwisho za matumizi ya kawaida, baada ya miaka 232. Kuitengeneza moja kulikuwa kumefikia gharama ya zaidi ya senti tatu na nusu. Zilizopo bado ni fedha halali, lakini tangu siku hiyo hakuna mihuri mipya ya kuchoshwa kwa ajili ya chenji za madukani. Zinazobaki zitakuwa zikiongeza alama za aina ya tatu tu, za dunia. Nadhani wakusanyaji watazitafuta zaidi zile ambazo hazijaguswa.

Yangu ya 1955 sijaiuza wala sijaiweka kwenye kasha. Ipo juu ya meza, nayo imeanza kung'aa upande wa Lincoln, ninapoisugua kwa kidole gumba nikiwa nasoma. Najua kwamba kwa kufanya hivyo naishusha daraja.